Barua kwa mwanangu: tochi ya kuingia nayo pangoni

Kwa mwanangu Mwanahamisi,

Assalaam alaykum. Sisi huku Tanga hatujambo, mama yako anakusalimu sana, na tunamshukuru Mungu kwamba mitihani yako imekwisha salama. Nimesoma ujumbe wako kwamba mwezi ujao wanafunzi wa jiolojia mtakuja kwenye mapango ya Amboni pamoja na mwalimu wenu, kisha baadaye mnakusudia kuyaona mapango ya lava ya Mlima Suswa kule Kenya, na kwamba unataka nikushauri kuhusu tochi isiyozidi shilingi 90,000. Sikutaka kukujibu kwa simu, kwa kuwa jambo lenyewe lina maelezo marefu, na kwa miaka yote ninayotengeneza vifaa vya umeme hapa Ngamiani nimeona watu wengi wakinunua tochi kwa kusoma boksi bila kuikagua tochi yenyewe.

La kwanza ninalokusihi ni kwamba fedha hiyo usiimalize kwa tochi moja, hata ikiwa nzuri namna gani. Wazoefu wa mapangoni katika nchi nyingi wana kanuni ya siku nyingi kwamba kila anayeingia awe na vyanzo vitatu vya mwanga visivyotegemeana, na kanuni hiyo ina sababu nzito. Nje usiku, taa ikizimika, macho huzoea baada ya muda kwa sababu bado kuna nyota, kuna mwezi, kuna taa ya jirani; ndani ya pango, ukishapita kona chache kutoka mlangoni, hakuna chochote cha kuzoea, na unaweza kukaa hapo saa nzima usiuone hata mkono wako mwenyewe. Kwa hiyo nusu ya fedha iende kwenye tochi ya kichwani, ambayo itakuachia mikono yote miwili ya kushikia mwamba, sehemu nyingine inunue tochi ndogo ya mkononi, na kinachobaki kinunue betri za akiba pamoja na kijitochi cha bei rahisi cha kuning'iniza shingoni. Simu usiihesabu kuwa mojawapo ya hizo tatu. Utaihitaji ikiwa na chaji utakapotoka.

Sasa tuje kwenye maandishi ya boksi. Utaona madukani tochi za bei ndogo zilizoandikwa lumeni 50,000 (lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga), nyingine lumeni 100,000, na muuzaji atakuapia kwamba ni kweli. Wewe umesoma fizikia, basi piga hesabu pale pale ukiwa umesimama kaunta. LED nzuri hutoa takriban lumeni 100 hadi 150 kwa kila wati moja. Lumeni 100,000 zingehitaji kati ya wati 660 na 1,000, yaani umeme unaokaribia ule unaotumiwa na pasi. Betri moja ya litiamu ya ukubwa uitwao 18650, ambayo ndiyo huwa ndani ya tochi nyingi za aina hiyo, hubeba kiasi cha wati-saa 11 tu, kwa hiyo hata kama ingeweza kutoa nguvu hiyo, nayo haiwezi, ingekwisha kabla ya dakika moja, na tochi ingekuwa ya moto kiasi cha kukuunguza kiganja. Mtengenezaji anayedanganya waziwazi katika hesabu nyepesi kama hiyo, hatakuwa mkweli kuhusu swichi wala waya zilizofichwa ndani.

Boksi la kuaminika zaidi ni lile linalotaja kipimo cha Marekani kiitwacho ANSI FL 1, kilichoanza kutumika mwaka 2009, ingawa nalo lisome kwa uangalifu. Umbali wa mwale katika kipimo hicho huhesabiwa hadi pale ambapo mwanga umebaki sawa na ule wa mbalamwezi. Ikiandikwa mita 100 usidhani kwamba utalitazama jiwe la mita 100 na kulitambua. Ukikata nusu ya umbali, mwanga unakuwa mkali mara nne, na hapo ndipo utaona kwa kutosheka. Muda wa kuwaka nao huhesabiwa hadi mwanga unapofikia asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Basi tochi inayoandikwa saa nane inaweza kuwa imewaka vizuri kwa saa moja na kudhoofika kwa saa saba. Zipo tochi zenye saketi ya kuushikilia mwanga usipungue hadi betri inapokaribia kwisha, na mimi ningekubali kupoteza lumeni nyingi ili nipate saketi hiyo, mradi tu una tochi ya pili, kwa kuwa tochi ya namna hiyo ikifika mwisho hushuka ghafla.

Kwa kutembea pangoni, lumeni 100 za kweli zinatosha, na ukishazoea giza hata 40 zitakuonyesha pa kukanyaga; lumeni 300 ziwe za kutazama dari na kumbi kubwa kwa dakika chache. Kumbuka pia kwamba mawe ya chokaa ya Amboni yana weupe unaourudisha mwanga, lakini lava nyeusi ya Suswa huumeza, na tochi iliyokutosha huku itaonekana dhaifu kule. Jambo linalosahauliwa zaidi ni umbo la mwale. Omba kona yenye giza dukani, elekeza tochi ukutani kutoka hatua mbili, na utazame: ikiwa inatoa doa dogo kali lililozungukwa na weusi, hiyo ni ya mlinzi wa shamba anayetaka kuona mwisho wa uzio, nawe pangoni utaona jiwe moja na kukosa shimo lililo pembeni yake. Unachotaka ni mwanga uliotandazwa sawasawa, upana wa mikono yako miwili au zaidi. Ukipata wenye rangi ya joto kidogo usiuache, kwa maana mwanga wa kibuluu hupotosha rangi, na wewe unakwenda kutazama madoa ya chuma kwenye mwamba, si kutembea tu.

Kwenye betri nitakaa zaidi, kwa sababu tochi nyingi zinazoletwa mezani kwangu zimeuawa na betri. Chagua tochi ya kichwani inayotumia betri za AA, zile za saa ya ukutani, au AAA, zile za rimoti, kwa kuwa zinapatikana katika kila duka kuanzia hapa hadi Narok kule Kenya. Tochi ambayo betri yake imefungiwa ndani na haitoki, hata kama inachajiwa kwa waya wa simu, itakuacha gizani ikiisha, maana pangoni hakuna soketi. Na zile tochi kubwa za plastiki za kuchomeka ukutani, ambazo nyingi hubeba betri ya madini ya risasi, zina ubaya wao: ukiiacha miezi miwili bila chaji, betri hujiharibu kwa ndani na haishiki tena umeme. Zinafaa nyumbani panapokatika umeme mara kwa mara. Safarini hazifai.

Ukiweza, nunua betri za AA za kuchaji za nikeli, zile zilizoandikwa kwamba hutunza chaji kwa miezi, pamoja na chaja yake. Mwanzo zitakuuma mfukoni, lakini hurudia kuchajiwa mamia ya mara. Ukinunua za kutupa, nunua alkalini, na usichanganye mpya na za zamani hata siku moja, kwa sababu ile dhaifu hulazimishwa kutoa kisicho chake, na mwisho wake huvuja. Huku pwani chumvi ya hewani nayo huongeza kutu. Ukikuta ungaunga mweupe kwenye springi, betri ilikuwa alkalini. Futa kwa kitambaa chenye siki au maji ya ndimu, kausha vizuri, kisha kwangua kidogo kwa msasa laini hadi chuma king'ae. Na tochi isiyotumika, toa betri zake uziweke kando.

Ikiwa tochi ya mkononi itakuwa ya 18650, jua kwamba namba hiyo maana yake ni kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, na kwamba betri halisi za ukubwa huo kwa kawaida hubeba kati ya mAh 2,500 na 3,500 (mAh ni kipimo cha chaji ambayo betri inaweza kubeba). Ile iliyoandikwa 9,900 ni ya uongo, na mara nyingi utaitambua kwa wepesi wake, maana betri halisi huwa na uzito wa gramu 45 hivi au zaidi. Usikubali zilizotolewa kwenye kompyuta mbovu na kuvishwa plastiki mpya. Pia usiitupe mkobani pamoja na funguo au sarafu, kwani chuma kikigusa ncha zote mbili betri inaweza kushika moto.

Ukiwa dukani, usione haya kuifungua tochi mbele ya muuzaji. Zungusha mfuniko wa nyuma polepole kwa vidole viwili: nyuzi zake ziwe laini, zisikwaruze kama zenye mchanga, na uone pete ya mpira nyeusi imekaa kwenye mfereji wake bila kupinda wala kupasuka. Chungulia springi, iwe nene, isimame katikati, isiwe imeegemea upande. Kisha tia betri, iwashe, na uigonge kiganjani mara kadhaa kwa nguvu ya kawaida ukitazama mwanga ukutani. Ikipepesa hata mara moja, irudishe, maana kupepesa huko ni mguso mbovu ndani, na mguso mbovu hauponi wenyewe. Kwa ya kichwani, pindisha kichwa chake juu na chini. Kikae pale unapokiacha, kisianguke chenyewe unapotikisa shingo. Bonyeza swichi ukiwa umefumba macho ili ujue kama kidole chako kinaiona.

Kuhusu maji, tafuta maandishi IPX4, ambayo huhimili matone kutoka kila upande, na ukipata IPX7, inayovumilia kuzamishwa mita moja kwa dakika 30, ni bora zaidi. Hapo hapahitaji maneno mengi.

Ukishaingia, fuata mwongozaji na usitoke kwenye njia yake. Wapo wanaosimulia kwamba Amboni inafika Mombasa, wengine Kilimanjaro, lakini uchunguzi wa mwaka 1994 ulikuta mapango kumi, refu kuliko yote likiwa na mita 900. Hata mita hizo 900 zinatosha kumpoteza mtu asiye na mwanga. Tochi ya kichwani hukaa karibu na macho, kwa hiyo huficha vivuli na kulifanya shimo lionekane kama tambarare. Mahali pabaya, shika ile ya mkononi usawa wa kiuno, na utaona kila bonde na kila ukingo. Ukitaka kuona visukuku au michirizi kwenye chokaa, lalisha mwale ukutani kutoka ubavuni, alama zilizofifia zitasimama zenyewe. Popo usiwaelekezee mwanga mkali juu kwa juu. Na wenzako vilevile. Ukizungumza na mtu, inamisha kichwa usimtie upofu.

Jambo la mwisho lifanye hostelini mapema, angalau wiki mbili kabla ya safari, ukiwa bado na risiti. Usiku zima taa za chumba, washa tochi kwa kiwango utakachotumia pangoni, andika saa, kisha kila baada ya nusu saa jaribu kusoma ukurasa wa kitabu uliowekwa umbali wa mkono ulionyooshwa. Pale maandishi yanaposhindikana kusomeka, andika saa tena. Hiyo ndiyo saa halisi ya tochi yako, na kwa safari ya saa tatu nataka iwe saa sita au zaidi bila kubadili betri. Ikishindwa, irudishe dukani, na kama watasumbua kuipokea nipigie nizungumze nao. Nitumie picha ya utakazochagua kabla ya kulipa, pamoja na ya ndani, mfuniko ukiwa umefunguliwa.

Wako akupendaye,
Baba