Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama: mwaka wetu wa mishipa ya damu

Ndugu wanachama, salaam, na poleni na baridi, najua wa Uyole na Tukuyu mnaisikia zaidi. Ya fedha nayamaliza haraka: ada zimeingia vizuri kuliko mwaka jana, hatudaiwi na mtu, mhazini ataleta karatasi yake mkutanoni.

Kazi yetu karibu yote ilikuwa orodha ya mishipa ya damu kwa Kiarabu, kwa ajili ya vijana wetu wanaotaka kwenda kusomea udaktari na uuguzi nchi za Kiarabu, maana Chuo Kikuu cha Damascus, kule Syria, tangu 1919 kinafundisha udaktari kwa Kiarabu chenyewe, na hata ukisomea kwa Kiingereza mgonjwa wako atakueleza kwa Kiarabu tu.

Ugumu ulianzia kwenye Kiswahili chetu. Sisi wa damu mshipa, wa fahamu mshipa, hata ule unaokukaza mgongoni baada ya kupalilia viazi nao mshipa, wenzetu Waarabu wanatenganisha, shiryan unatoa damu moyoni, warid unairudisha, asab ni wa fahamu. Kwa hiyo tukakubaliana hakuna kuandika jina kabla ya kuchora na kuuliza damu inaelekea wapi. Ateri ya mapafu, yaani mshipa unaopeleka damu mapafuni, ndo ilituchelewesha sana, wengi waling'ang'ania iwe warid kwa sababu imebeba damu isiyo na oksijeni, lakini inatoka moyoni so ni shiryan, ash-shiryan ar-ri'awi. Na waliobisha walikuwa na hoja nzito tu, kwa matabibu wa zamani, Ibn an-Nafis akiwemo, yule aliyeeleza mwaka 1242 damu inavyopita mapafuni, mshipa huohuo ulikuwa al-warid ash-shiryani. Tumeandika jina la sasa, la zamani tumeliweka pembeni, naona ni sahihi kabisa maana kijana akishika kitabu cha kale asipotee.

Aorta, ule mshipa mkubwa kuliko yote unaotoka moyoni, tumeipa majina mawili, al-abhar na al-awurti, kwa kuwa Misri hilo la pili utalisikia sana. Ateri ya shingoni ni as-subati, imetoka kwenye subat, usingizi mzito, kwa sababu ukiikandamiza mtu anaweza kuzimia, na hili nililipenda mno kwa kuwa jina lenyewe linamkumbusha muuguzi asikandamize hovyo.

Kuchapa kulitusumbua. Pale Mwanjelwa programu ya kompyuta ilizitenganisha herufi na kuzigeuza zianzie kushoto, shiryan ikawa haisomeki, tukakataa kuchukua mpaka ustadh wetu alipokaa na fundi wakarekebisha neno kwa neno. Nawashukuru sana wote wawili.

Nakala ziko kwa katibu. Mwaka ujao naomba tuingie mishipa ya fahamu, na nahitaji wauguzi zaidi kwenye kamati, anayetaka ampe katibu jina kabla ya mkutano.