Msitu wako wa bonsai umegeuka kichaka? Anzia kwenye mizizi

Wateja wengi wanaotuletea trei zao za bonsai, yaani miti kadhaa inayokuzwa pamoja ikabaki midogo kama msitu mdogo, huanza na maneno yaleyale: "Siku ya kwanza ulipendeza sana." Ni kweli. Mivinje saba yenye unene wa penseli hupendeza hata ukiipanda ovyo. Shida huja mwaka wa pili au wa tatu: mashina yamenenepa, matawi yamekutana juu, na miti ya katikati inakosa mwanga inaanza kukauka. Mwenyewe anachukua mkasi anapunguza juu. Kosa liko chini.

Juzi tulifungua trei ya mivinje tisa. Mizizi ilikuwa imesukana kama mkeka; ukivuta mti mmoja, minane inakuja nao. Hapo ndipo watu hukimbilia kisu. Sisi tunalowesha bonge zima kwenye beseni kwa nusu saa, kisha tunachambua kwa kijiti kilichochongwa, kutoka ukingoni kwenda ndani. Ile trei ilitumalizia asubuhi nzima. Tunachokata ni mizizi minene iliyozunguka trei. Vizizi vyembamba ndivyo vinavyokunywa maji, kwa hiyo havikauki hata dakika moja, tunavifunika gunia bichi.

Mvinje una jambo lake. Mizizini una vifundo, kama vya kunde, na ndani yake kuna bakteria wanaoupatia mti naitrojeni. Ndiyo maana unaota hata kwenye mchanga wa ufukweni, na ndio uliopandwa kwenye machimbo ya kiwanda cha saruji cha Bamburi, Mombasa, kuanzia 1971. Mteja wetu mmoja aliviona akadhani ni ugonjwa, akavikwangua vyote kwa mswaki.

Ukifika kwenye kupanga, weka rula kabatini. Mti mnene kuliko yote huingia kwanza, theluthi hivi kutoka upande mmoja wa trei, si katikati. Wa pili kwa unene unausogelea, vidole viwili tu. Wa tatu unakaa mbali mara mbili au tatu ya hapo. Miembamba inakwenda nyuma na pembeni, jicho lidhani iko mbali. Kisha chuchumaa, macho yalingane na trei. Shina likijificha nyuma ya jingine, lisogeze. Zunguka ubavuni utazame tena, kwani mistari iliyonyooka hupenda kujificha huko.

Wajapani hupenda idadi witiri, na nne huikwepa kwa sababu neno lake linatamkwa kama kifo. Sisi hatuna mwiko huo, lakini miti minne hujipanga kama miguu ya meza, basi tunawafuata.

Acha na sehemu tupu. Wateja hutuomba tuongeze mti mmoja "pale palipobaki". Hatuongezi.

Kila mti tunaufunga mizizini kwa waya unaopita kwenye matundu ya trei, la sivyo kusi ikivuma unayumba na vizizi vipya vinakatika. Baada ya hapo ni kivulini, wiki tatu.

Kazi hii tunaipokea masika yanapoanza. Fikasi (miti ya jamii ya mkuyu) ambazo mashina yamekwisha kuungana hatuzitenganishi; hizo tunapunguza matawi tu. Mwagilia trei jioni ya kuamkia siku ya kuileta, usiweke mbolea wiki mbili kabla, na tafadhali usikate chochote njiani.