Ripoti za CT zitaje ujazo wa bandama kwa mililita

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasihi wenzangu wa vitengo vya radiolojia tuache kuandika "bandama imekuwa kubwa kiasi" pale ambapo picha za CT (eksirei za kompyuta zinazoonyesha mwili kipande kwa kipande) zilizokwisha kupigwa zinaweza kutupa ujazo wake kwa mililita.

Huku Kanda ya Ziwa, ambako kichocho na malaria husababisha bandama kuvimba, daktari anataka kujua kama baada ya dawa inanywea au inaendelea kukua. Kupapasa tumbo hakutoi jibu la uhakika, na urefu peke yake hupotosha: bandama ya sentimita 12 ikifika 13.2, na upana na unene navyo vikiongezeka kwa asilimia 10, ujazo wake umepanda kwa takriban theluthi nzima, ilhali msomaji wa ripoti ataiona tofauti hiyo kuwa ndogo tu.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kipande cha picha chenye unene wa milimita 5, ambamo bandama ina eneo la sentimita 40 za mraba, kina mililita 20. Vipande vyote hujumlishwa. Kilichotukatisha tamaa siku zote ni kuchora mipaka kwa mkono, kipande baada ya kipande. Programu za bure kama 3D Slicer na ITK-SNAP hupunguza adha hiyo: mpimaji huweka alama ndani ya kiungo, kompyuta hueneza rangi kwenye sehemu zenye weupe unaofanana, kisha mpimaji hufuta pale rangi ilipovuja. Na huvuja kweli, hasa bandama inapogusana na mfuko wa chakula au figo ya kushoto. Picha zikipigwa mapema mno baada ya dawa ya kontrasti, inayong'arisha viungo kwenye picha, kudungwa, bandama huonekana ya milia na kompyuta huikatakata; zinazofaa ni zile za sekunde 70 hivi, ambapo weupe umeshaenea sawasawa.

Kwa hiyo siafikiani na wanaotaka tusubiri akili mnemba itufanyie yote. Jicho la mtu bado ni sehemu ya kipimo hiki, na ndiyo maana ripoti inapaswa kutaja aliyerekebisha mipaka, muda wa kontrasti na unene wa vipande. Mchoro nao uhifadhiwe pamoja na picha, ili atakayempima mgonjwa huyo baada ya miezi sita aone mipaka ilipitishwa wapi, badala ya kukuta namba tupu.

Sisemi mtu apigwe CT kwa ajili ya kupima ujazo tu. Watoto hasa wasiingizwe kwenye mionzi kwa hilo wakati ultrasaundi ipo. Nazungumzia picha ambazo tayari zimo kwenye kompyuta zetu, zilizopigwa kwa sababu nyingine, nasi tukazifunga baada ya kuvuta mstari mmoja wa urefu.

Mtaalamu wa radiolojia,
Mwanza