Programu huria zinahitaji wapambanuzi wa taarifa

Mhariri,

Vyuo vya ukanda huu, kuanzia Maseno na Masinde Muliro hadi Egerton kule Njoro, hufunza vijana kuandika programu za kompyuta, na si haba wanaotaka kujitolea katika miradi ya programu huria, yaani zile ambazo msimbo wake (maandishi yanayoiendesha programu) uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuuboresha. Wakibisha hodi huulizia msimbo wa kuandika. Tunawasihi waanzie kwingine: kwenye mlundikano wa taarifa za hitilafu ambazo bado hazijasomwa na mtu.

Jambo hili ni la hapa kwetu. Kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret, kilianza kutunza kumbukumbu za wagonjwa kwa kompyuta mwaka 2001. OpenMRS, mfumo huria wa kumbukumbu za matibabu uliobuniwa 2004, ulianza kazi Eldoret Februari 2006, na KenyaEMR, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa unaotumika katika vituo vingi vya umma, umejengwa juu yake. Karani wa kliniki Siaya au Bungoma akikwama, malalamiko yake yana pa kwenda. Ila yakifika hukuta foleni, na watunzaji wa miradi ya aina hii ni wachache.

Mpambanuzi hufanya kazi ya muuguzi anayepima presha na joto kabla mgonjwa hajamwona daktari. Hatibu. Anahakikisha shida ipo kweli, anaieleza ieleweke, kisha anaipeleka kwenye foleni inayoifaa.

Chukua mfano wa taarifa tatu. Ya kwanza yasema mgonjwa aliyesajiliwa jana haonekani. Ya pili, mtu mmoja ana faili mbili. Ya tatu ina maneno matatu tu: “Kutafuta hakufanyi kazi.” Msomaji wa haraka ataziwekea lebo tatu tofauti. Mpambanuzi wa hapa atauliza majina ya ukoo yana herufi gani, kwa sababu anawajua akina Ng'eno na Ong'ayo. Jina likiingizwa kwa simu, kibodi inaweza kuweka kibainishi (alama iliyo katika ng') kilichojipinda. Karani akilitafuta kwa kompyuta, anabonyeza kilichonyooka. Kwa jicho ni alama moja. Kwa mashine ni mbili, zenye namba za utambulisho U+2019 na U+0027, na kama programu haikufundishwa kuzilinganisha, jina halipatikani. Karani anamsajili mgonjwa upya, na hapo ndipo faili ya pili inapozaliwa. Taarifa tatu, hitilafu moja. Mpambanuzi anaibakiza wazi yenye maelezo bora, anaziunganisha nyingine mbili nayo, na kuandika hatua: sajili jina lenye kibainishi kilichopinda, litafute kwa kilichonyooka, tazama matokeo. Mtu aliye bara jingine angepapasa muda mrefu kabla ya kufika hapo.

Sasa maandalizi ya kikao cha kupambanua taarifa hizo kwa pamoja. Wiki tatu kabla ya kikao, waandikieni watunzaji wa mradi, mwaulize wanataka nini kipangwe, lebo zao zina maana gani na matoleo gani bado yanahudumiwa. Msivamie mradi wa watu. Kwa miradi iliyo GitHub, tovuti ambako miradi hutunza msimbo na taarifa zake, ombeni ngazi ya ruhusa inayoitwa Triage, iliyoanzishwa 2019: inamwezesha mtu kuweka lebo, kufunga na kufungua taarifa bila kugusa msimbo wenyewe.

Watu 12 wanatosha, wakae wawili wawili: mmoja anajaribu hitilafu, mwenzake anaandika. Kwa dakika 20 kila taarifa, jozi moja itamaliza nane katika saa tatu na kubakiwa na dakika 20 za kukagua. Orodha igawanywe kabla ya siku yenyewe. Jozi mbili zikigusa taarifa moja, mlalamikaji hupata majibu mawili yanayopingana. Anzeni na za miezi mitatu ya karibuni, maana waliozileta bado wanakumbuka walichofanya. Zile za kale zijaribiwe kwenye toleo la sasa, na jibu litaje toleo hilo kwa namba.

Kinachokwamisha vikao vingi ni usakinishaji. Programu yenye gigabaiti mbili ikipakuliwa na watu 12 ni gigabaiti 24, na bando la simu moja haliwezi kuvumilia hayo. Mmoja aipakue mapema, wengine wanakili kwa flashi, na kila laptopu iwe imejaribiwa jioni ya kuamkia kikao.

Maswali nayo yana ufundi wake. “Toa maelezo zaidi” humkatisha tamaa karani aliyechoka. Muulize jambo moja analoweza kulijibu: jina hili uliliandika kwa simu au kwa kompyuta? Wengine huongea tu kwenye sauti ya WhatsApp, “mashine imegoma,” na hawajui kwamba kuna daftari la hitilafu. Kuyageuza maneno hayo kuwa taarifa yenye toleo, hatua, kilichotarajiwa na kilichotokea ni msaada ambao miradi huupata kwa nadra mno. Msiwaachie roboti za akili unde waandike taarifa hizo. Hutunga hatua ambazo hakuna aliyezijaribu.

Kuna jambo tunaloliombea uangalifu kuliko mengine. Picha za skrini kutoka kliniki huja na majina, namba za simu, hata matokeo ya vipimo. Kuhariri taarifa na kuifuta picha hakutoshi, kwani GitHub huhifadhi historia ya mahariri. Lazima nakala ya zamani ifutwe pia, na watunzaji waarifiwe siku hiyohiyo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haimsamehi mtu kwa kuwa alikuwa anajitolea. Mkikuta mwanya wa kiusalama, msiujadili hadharani. Pelekeni kwa anwani ya usalama ya mradi.

Tena msishindanishe watu kwa idadi. Oktoba 2020, shindano la Hacktoberfest lililokuwa likitoa fulana kwa kuhesabu michango lilizimwagia programu huria mabadiliko ya ovyo, kama kuongeza neno moja kwenye faili ya maelezo, hadi waandaaji wakabadili kanuni katikati ya siku za kwanza ili mradi ushiriki kwa hiari tu. Mkitoa zawadi kwa taarifa zilizofungwa, mtafungiwa hata zilizo za kweli.

Kikao cha pili kiwekwe wiki mbili baadaye, kwa jozi zilezile, kwa sababu majibu yatakuwa yameingia. Asiyejibu, taarifa yake ifungwe kwa maneno ya heshima, naye aelezwe kwamba akirudi na jibu taarifa itafunguliwa. Jozi zisiporudi, maswali yote yaliyoulizwa yanabaki mzigo mpya juu ya ule wa zamani.

Wahadhiri wanaosimamia mafunzo ya nje, tunawaomba muikubali kazi hii kama saa za mafunzo. Mkitaka kuipima, chagueni taarifa tatu za mwanafunzi na mfuate hatua alizoandika. Hitilafu ikijitokeza mbele yenu, mpeni alama zake.

Wajitoleaji wa programu huria,
Kisumu