Sarakasi ilizaliwa mgongoni mwa farasi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili nisahihishe jambo lililochapwa juma lililopita katika ukurasa wa watoto, ambamo wasomaji wetu wadogo waliambiwa kwamba sarakasi ilianzia Marekani, chini ya hema, kwa simba na tembo waliotolewa Afrika. Nilifundisha historia kwa miaka mingi, na tangu nistaafu nimekuwa nikiwasaidia vijana wa mtaani kwetu wanaojifunza sarakasi. Ni wao walionijia na gazeti mkononi wakitaka kujua kama habari hiyo ni ya kweli.

Hema la sarakasi lilianza kutumika Marekani mwaka 1825, katika maonyesho ya Joshuah Purdy Brown, na Isaac Van Amburgh alipata sifa ya kuingia katika kizimba cha simba katika miaka ya 1830. Kufikia wakati huo sarakasi ilikuwa imekwisha kuishi zaidi ya nusu karne, na mnyama aliyeibeba muda wote huo alikuwa farasi.

Mwanzo wake ni London, mwaka 1768. Philip Astley, mtoto wa seremala aliyezaliwa mwaka 1742, alijiunga na jeshi la wapanda farasi akiwa kijana, akapigana katika Vita vya Miaka Saba, na akatoka jeshini akiwa sajini meja. Alitwaa kiwanja cha wazi huko Lambeth, kusini mwa mto Thames, akawa anafundisha watu kupanda farasi asubuhi, na alasiri anaonyesha ustadi wake mbele ya watazamaji. Wapanda farasi wa maonyesho walikuwapo kabla yake, na wala yeye hakuwa wa kwanza kusimama juu ya tandiko. Kilicholeta tofauti ni duara. Farasi anayekimbia kwa mwendo usiobadilika ndani ya duara huinamia upande wa ndani, na mtu aliyesimama mgongoni mwake, akiinama pamoja naye, huhisi akisukumwa upande wa nje. Mambo hayo mawili yakilingana, mpandaji hushikwa wima kana kwamba upo mkono usioonekana unaomtegemeza. Duara likiwa dogo mno farasi huchoka na kujikwaa, likiwa kubwa mno msaada ule hupungua, na ndiyo maana wenye kazi hiyo walikuja kukubaliana juu ya upana wa futi 42, yaani karibu mita 13. Viwanja vingi vya sarakasi duniani vina kipimo hicho hadi leo, hata vile ambavyo havijaona ukwato wa farasi kwa miaka mingi.

Jambo lililowashangaza zaidi vijana wangu ni kwamba michezo wanayoifanya wao, yaani kupiga soti, kupandana mabegani na kutembea juu ya kamba, iliingia baadaye kama mgeni. Karibu na mwaka 1770 Astley aliwaajiri wanasarakasi wa viungo na mchekeshaji ili wajaze nafasi kati ya onyesho moja la farasi na jingine. Jina lenyewe halikutoka kwake pia. Mwaka 1782 Charles Hughes, aliyekuwa mpanda farasi hodari na mshindani wake, alishirikiana na Charles Dibdin kufungua jumba lililoitwa Royal Circus, kwa neno la Kilatini lenye maana ya duara, na ni neno hilo lililosafiri kutoka lugha hadi lugha mpaka likatufikia sisi likiwa sarakasi. Tena sheria ya Uingereza wakati ule iliruhusu michezo ya kuigiza yenye mazungumzo katika majumba machache tu yenye kibali maalumu, kwa hiyo majumba haya mapya yalilazimika kusimulia hadithi kwa farasi, muziki na maigizo yasiyo na maneno.

Kosa la pili la makala ile, ambalo kwangu ni zito kuliko la kwanza, ni kuieleza sarakasi kama biashara ya bwana mmoja mwenye mali. Ilikuwa kazi ya familia. Patty, mke wa Astley, husimuliwa kwamba alimpigia mumewe ngoma katika maonyesho ya mwanzo, naye mwenyewe alipanda farasi mbele ya watu. Mtoto wao John alianza kupanda hadharani akiwa mdogo, na huko Paris alicheza mbele ya Malkia Marie Antoinette wa Ufaransa. Vita vilipomwondoa Astley Ufaransa, jumba alilolijenga Paris mwaka 1782 lilishikwa na Antonio Franconi, Mwitalia wa Udine, ambaye wanawe Laurent na Henri walifungua Cirque Olympique mwaka 1807. Kutoka kwao kazi ilishuka kwa wajukuu na kitukuu. Hata Marekani ilipokea sanaa hii kwa njia ya mwalimu na mwanafunzi, kwa kuwa John Bill Ricketts, aliyefungua sarakasi yake Philadelphia mwezi Aprili mwaka 1793 na kumpata Rais George Washington miongoni mwa watazamaji wake mwezi huo huo, alikuwa amefundishwa na Hughes.

Sababu ya kazi hii kukaa katika ukoo si ngumu kuiona. Farasi hafundishwi kwa wiki moja, naye huijua sauti na mkono wa anayemlisha. Siri za kumfundisha hazikuandikwa, zilionyeshwa mtoto na mzazi wake. Andrew Ducrow, aliyekuja kuwa mpanda farasi mashuhuri kuliko wote wa zama zake, alianza kufunzwa na baba yake akiwa na umri wa miaka mitatu hivi. Naamini utoto wa namna hiyo ulikuwa mgumu mno, na sitaki vijana wetu wautamani. Mtoto asiye wa ukoo aliingia kwa mkataba wa uanagenzi, akaishi na kusafiri na mkuu wake.

Kwa njia hiyo ndivyo alivyoingia William Darby, mtoto wa Norwich aliyezaliwa mwaka 1810 hivi na baba mwenye asili ya Afrika. Alijifunza kazi chini ya William Batty, akajiita Pablo Fanque, na kuanzia mwaka 1841 alimiliki sarakasi yake mwenyewe, akizunguka nayo miji ya kaskazini ya Uingereza. Mwaka 1847 alionyesha katika jumba la Astley huko London, na magazeti yakamsifu kwa jinsi farasi wake Beda alivyocheza kwa kufuata muziki. Tarehe 18 Machi 1848, mjini Leeds, jukwaa la watazamaji katika jumba lake la mbao liliporomoka, na mbao zikamwua mkewe Susannah wakati mtoto wao akiwa juu ya kamba mbele ya watu. Fanque aliendelea na kazi hadi alipofariki Stockport mwaka 1871, akarudishwa Leeds kuzikwa karibu na Susannah, na katika maandamano ya mazishi farasi wake aliyempenda aliongozwa nyuma ya bendi.

Miaka zaidi ya 30 baadaye kasisi mmoja wa watu wa maonyesho aliandika kwamba katika udugu wa wapanda farasi hapakuwa na mpaka wa rangi, na kwamba kipimo kilikuwa uwezo peke yake. Nayapokea maneno hayo kwa tahadhari, kwa maana mtu aliyezaliwa Darby aliona heri ajulikane kwa jina jingine. Lakini makala iliyowaambia watoto wetu kwamba kilichotoka Afrika kuingia katika sarakasi ni simba na tembo ilimwacha nje mtu huyu, na hilo limeniuma.

Naomba basi, Mhariri, toleo lijalo la ukurasa huo lirekebishe habari ile na lichape jina la Pablo Fanque. Vijana wangu wameniagiza niombe pia majina ya Patty na Susannah.

Wako,
Mwalimu mstaafu, Tanga