Kaka, picha za Baba ziko wapi?

Kaka yangu,

Shikamoo. Shemeji ameniambia kwamba umeitwa kwenye usaili wa uraia wa Marekani. Nakuombea heri kwa moyo mweupe, maana zamu za usiku kwenye theluji si mchezo, na ada zetu sote zilitoka humo. Hata hivyo, lile la arobaini ya Baba bado sijalimeza.

Ulikaa kwenye mkeka wa Mama, albamu mapajani, ukawa unabandua picha moja moja: Baba na wenzake wa chuo cha Lumumba kule Moscow, Baba na kofia ya manyoya, Baba akicheka na yule Mcuba. Pembe za picha zilichanika zikabaki zimenasa kwenye gundi. Mama alipokuuliza unazipeleka wapi, ulimjibu bila kumtazama kwamba fomu za Wamarekani zinauliza habari za ukomunisti.

Ni kweli zinauliza. Swali hilo ni masazo ya sheria za mwaka 1950 na 1952, ambazo Bunge lao lilizipitisha licha ya kura ya turufu ya Rais Truman, ingawa ni Truman huyo huyo aliyeagiza mwaka 1947 kwamba watumishi wa serikali wachunguzwe uaminifu wao. Lakini anayeulizwa ni mwombaji mwenyewe, si marehemu mzazi wake, na kizuizi cha sheria kinahusu miaka 10 kabla ya ombi. Wewe hata kadi ya klabu ya mpira hujawahi kukata.

Seneta McCarthy, yule Mmarekani aliyejulikana kwa kuwasaka wakomunisti, alidai kule Wheeling, mji wa West Virginia, Februari 1950, kwamba ana orodha ya majina 205 ya wakomunisti waliomo Wizara ya Mambo ya Nje, na hakuweza kuyathibitisha. Pamoja na hayo, walimu, waigizaji na makarani wengi walipoteza kazi bila kufikishwa mahakamani, kwa kuwa waajiri waliogopa kuulizwa, wakawafukuza mapema. Ndivyo ulivyofanya wewe: hakuna ofisa aliyekuuliza habari za Baba, ukamfuta mwenyewe.

Unamkumbuka Paul Robeson, yule mwimbaji mweusi wa Marekani, ambaye Baba alimpenda zaidi alipojua kwamba alijifunza Kiswahili London? Serikali yao ilimnyima pasipoti kuanzia 1950 hadi 1958, kwa kumshuku ukomunisti. Mwaka 1956, mbele ya kamati ya Bunge, aliulizwa kwa nini hakubaki Urusi. Alijibu kwamba baba yake alikuwa mtumwa, na watu wake walikufa wakiijenga Marekani, kwa hiyo angebaki humo na kuwa na sehemu yake kama wanakamati wale. Alimtaja baba yake palepale walipotaka anyamaze.

Seneti ilimkaripia McCarthy mwaka 1954 kwa kura 67 dhidi ya 22, lakini swali likabaki kwenye fomu. Lijibu kwa ukweli, kaka, wala usiongeze neno.

Wanasema nilikosa adabu kukufokea mbele ya wazee. Nani mwingine angesema? Wajomba walikuwa wanasubiri uwatumie fedha za bati, na shangazi alikuwa na mtoto wa kusomeshwa. Kila mmoja aliona, akainamia sahani yake. Mimi nilisubiri hadi Mama alipoingia ndani, na hilo hakuna anayelitaja.

Ukishaapishwa, mpe picha hizo mtu yeyote anayesafiri kuja huku. Kama ulizichoma, mpigie Mama umwambie mwenyewe, kwa sababu mimi sitamwambia.

Mdogo wako