Fundi wa hina naye ana shingo

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo gazetini niseme jambo ambalo sisi wa kazi za urembo hapa Malindi twalisema wenyewe kwa wenyewe tu, tukitoka nje ya saluni kimya. Shingo zatuua. Ukimuita fundi wa hina asubuhi baada ya usiku wa harusi ukaona anageuka mwili mzima ndo akutazame, usidhani ni maringo, shingo imegoma.

Watu waona hii ni kazi ya kukaa, sasa mtu umekaa zako na koni ya hina, shida iko wapi? Hebu siku moja mtazameni vizuri huyo fundi anapochora miguu. Bibi harusi ameegemea mito, mguu uko chini kabisa, fundi amekunja magoti mkekani kidevu karibu kinagusa kifua, mkono mmoja umeshika kisigino mwengine waminya koni polepole maana mkono ukitetereka kidogo ua lishaharibika, na taa yenyewe iko nyuma yake kwa hivyo ajifanyia kivuli azidi kuinama. Akimaliza mikono na miguu, mama mtu aja, mwanangu na hawa watoto wa shangazi yake nao wachore kidogo tu. Kidogo tu! Saa nane usiku.

Kichwa cha mtu mzima ni kilo 5 hivi kikiwa wima. Ukikiinamisha mbele misuli ya nyuma ya shingo ndo inakizuia kisianguke, na waliopiga hesabu wanasema ukiinama nyuzi 60 ule mzigo wafika kama kilo 27, yaani zaidi ya nusu mfuko wa simenti, na umeubeba masaa bila kuutua. Misuli iliyokazwa hivyo haipati damu ya kutosha, ndo maana mabega yawaka moto.

Wenzetu wa kutoa nyusi kwa uzi nao, uzi umebanwa kwenye meno, kichwa chaenda mbele na nyuma kutwa nzima. Wa kubandika kope naona ndo wameumia kuliko wote, unyoya mmoja mmoja kwa kibano, mteja amelala zake usingizi kwenye kitanda kifupi, fundi amepinda.

Sasa wenye saluni. Mtu anunua vioo vikubwa, taa za rangi, sofa ya wateja, halafu fundi ampa kistuli cha plastiki. Kenya tuna sheria ya usalama na afya kazini tangu 2007 na yamtaka mwajiri aangalie afya ya wanaomfanyia kazi, lakini wengi wetu twalipwa kamisheni, ukiumwa ni shauri yako, na nafasi yako apewa mwengine.

Na sisi wenyewe pia, shingo ikikaza utasikia ni baridi, ni feni, wengine wasema ni jicho. Twachuliwa mafuta ya nazi, twameza tembe za maumivu za chemisti, kesho mkekani tena. Kuchuliwa kwatuliza sikatai, ila dada zangu mkono ukianza kufa ganzi au koni yakudondoka bila sababu, hilo si la kuchuliwa, nenda hospitali uangaliwe.

Mnaotuita majumbani twaomba hivi, bibi harusi akae juu kitandani, mguu uwekwe kwenye meza na mto, fundi apewe kiti chenye mgongo na taa ya kutosha mbele yake, na kazi ianze mchana. Hao watoto wa shangazi waitiwe fundi wa pili. Wenye saluni nunueni stuli za kupanda na kushuka na vitanda virefu. Na vyuo vya ufundi vinavyofundisha urembo, mwanafunzi afundishwe namna ya kukaa kabla hajafundishwa kushika koni, maana wasichana wadogo kabisa washaanza kulalamika migongo.

Mimi harusi za Agosti hii nishawaambia wateja, meza kwanza ndo hina. Mama mmoja wa Barani akaniuliza, kwani ukikaa kwenye kiti bei itashuka? Nikamwambia haishuki, mama, na watoto wa shangazi ni bei mbali.

Fundi hina,
Malindi